Afya ya Shangazi na Bei ya Maboksi

Ghalani,
4 Februari

...na hilo la kwamba nililia lori lilipoondoka si kweli hata kidogo, mume wangu. Vumbi liliniingia. Macho yote mawili, ndiyo, vumbi halichagui. Kumbe Dereva kaja kukuambia nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na wewe ukamwamini! Nililia kidogo tu, kiasi anachostahili kulia mke wa wiki tano.

Wiki tano! Naamka asubuhi nasema peke yangu, "mume wangu," nionje tu lilivyo mdomoni. Jana nilimwambia muuza maji, "Subiri kwanza nimuulize mume wangu," na wewe uko mbali mwendo wa siku nzima kwa lori. Akasubiri, maskini wa Mungu. Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka ghala, wachambuaji wetu wa makaratasi wananicheka wanasema huyu bibi harusi ana siafu kwenye sketi.

Barua hii simpi Dereva. Anakuja nayo fundi saa, anapita huko kutafuta vipuri, na nimemwapisha. Ile kadi yako ilinifikia bahasha imefunguliwa na kubandikwa upya, na alama ya kidole chenye grisi iko juu kabisa ya neno "nakupenda". Dereva anatusoma! Wala si kwa sababu ya mapenzi. Anatafuta bei. Yeye ndiye ananunua makaratasi yetu hapa na kuyauza huko kiwandani, na anajua umekwenda kusimamia mizani miezi sita ili tulijue soko kwa macho yetu, tusiambiwe na yeye.

Kwa hiyo tushike ile lugha yetu. Naiandika tena kwa sababu wewe ni msahaulifu, hata pete uliisahau mezani siku ya harusi. Shangazi akila vizuri: uwanja wa kiwanda hauna maboksi, bei itapanda, nishikilie mzigo. Shangazi akiwa na mafua: bei inalegea. Shangazi akiumwa: maboksi yamejaa mpaka getini, bei itaanguka, niuze kila kitu kabla Dereva hajashtuka. Anaingia na kutoka hapo kiwandani kila wiki, lakini haangalii kitu ila risiti yake na kikombe cha chai.

Najua hukuipenda. Ulisema maneno huumba. Lakini tungetumia nini, mpenzi? Mbuzi hatuna, na Dereva anajua hatuna. Shangazi yako hamjui, barua anaziacha kwa mlinzi wa geti. Na mimi simjui, jambo linaloniuma sana. Mtu aliyekulea toka una miaka minne, akakushonea sare zote za shule, halafu asije harusini kwa sababu ya nguo za maharusi wengine! Mwambie nampenda. Usimwambie tunamtumia.

Tukiuza vizuri mara tatu tu, tutapata mashine ya kubana marobota. Tukiwa na marobota yetu, tutapeleka wenyewe kiwandani, hatutamhitaji Dereva, na wewe utarudi nyumbani kabla ya hiyo miezi sita. Nahesabu mara tatu hizo kwa vidole na nahisi vidole vinawasha.

Mkeo (mkeo! mkeo!),
Chiriku


Kiwandani,
12 Februari

Mke wangu,

Fundi saa amefika salama. Barua nimeisoma mara mbili kisha nikaificha ndani ya kiatu.

Kazi si mbaya. Lori linapanda mizani na mzigo, linashusha, linarudi tupu, tofauti ndiyo karatasi. Ila karatasi inakunywa maji kuliko mlevi, na watu wanaimwagia makusudi ili iwe nzito. Tuna kifaa kama msumari mrefu, tunakichoma katikati ya robota kinasema unyevu. Jana mzee mmoja alisema ule si maji, ni jasho la wapakiaji. Nikamwambia basi wapakiaji wake wawahi hospitali, maana jasho lile ni ndoo sita.

Shangazi anakula vizuri. Jana alimaliza sahani mbili akaomba ya tatu. Naona wiki ijayo ataomba sufuria.

Ile habari ya kulia lori lilipoondoka. Si wewe peke yako uliyeingiwa na vumbi.

Mumeo,
Bubu


Ghalani,
21 Februari

Mpenzi wa moyo wangu, taa ya chumba changu, mume wangu wa ndoa,

Si wewe peke yako! Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Watu wanasema nimeolewa na bubu. Waseme. Bubu wangu akisema neno moja linanitosha wiki nzima, ingawa mawili yangenitosha zaidi, na sikatai kumi.

Na Shangazi je! Sahani mbili akaomba ya tatu! Niliruka nikagonga kichwa kwenye boriti.

Dereva alikuja siku ileile, miwani ya jua kichwani, anachokonoa meno. "Shemeji, leo nakusaidia. Nachukua mzigo wote kwa bei ya juzi."

"Siuzi."

"Huuzi? Unayapenda sana maboksi?"

"Nayapenda kama mume wangu."

"Basi lala nayo."

"Ndiyo nalala nayo, wivu wa nini?"

Wachambuaji walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye rundo la magazeti hawezi kuinuka. Dereva aliondoka kanuna. Nilishikilia siku sita, mume wangu, siku sita sikulala vizuri, nikisikia mvua tu nakimbilia kuangalia paa. Na kweli, bei ikapanda. Mtaa mzima ukachanganyikiwa. Mwenye duka aliyekuwa akigawa maboksi bure sasa anayakalia kama kuku wa mayai. Mwalimu mkuu kaja mwenyewe na daftari za zamani za wanafunzi, anauliza, "Nyeupe siku hizi inakwendaje?" Hata fundi viatu kaleta boksi moja, moja tu, anataka lipimwe.

Dereva akarudi jana kichwa chini na bei mpya. Nimemuuzia nusu. Nusu nyingine naishikilia. Tumebakiza mara mbili! Naandika wazi kwa sababu hii nayo nampa fundi saa, si Dereva.

Mwambie Shangazi aendelee hivyohivyo na Mungu ambariki tumbo. Wewe pia kula. Nakuota unasimama kwenye ile mizani, nami nakuja nasimama pembeni yako, tunapimwa pamoja, na hakuna anayeweza kusema uzito upi ni wa nani.

Wako wa kufa na kuzikana,
Chiriku


Nyumbani kwa Shangazi,
9 Machi

Mke wangu,

Shangazi anaumwa. Anaumwa kweli. Juzi alianguka kando ya cherehani. Tulimbeba watu watatu mpaka hospitali, wamempa dawa, wamemrudisha nyumbani. Mguu wa kushoto hauinuki. Anaongea vizuri lakini anachoka upesi, na mimi siendi kazini, sina mtu wa kumwachia.

Njoo kama unaweza. Usichelewe.

Bubu


Ghalani,
14 Machi

Asali wangu wa pekee,

Nimefurahi mno kusikia Shangazi anaumwa! Barua yako imefika leo asubuhi, na mpaka saa sita nilikuwa nimeshafanya ulilotaka, lote, mpaka kile kirundo cha nyuma ya mlango. Dereva alishangaa. Alinitazama kama mtu aliyeokota pochi. Alitaja bei ya chini, sikubisha hata kidogo, nikamwambia pakia, pakia upesi.

Na mguu wa kushoto! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe Bubu ana maneno mengi hivi amekaa nayo tu! Na hilo la "njoo, usichelewe" ndilo lililonimaliza. Nije nifanye nini huko, na kazi iko hapa?

Sasa sikiliza, mpenzi. Naomba Shangazi asipone haraka. Alale wiki tatu, ikiwezekana nne, nisikie bado yuko kitandani, mpaka nijaze ghala upya. Mafua yakiongezeka juu ya mguu, ndiyo bora zaidi. Akizidiwa kabisa usikawie kunijulisha, nitawanunulia wachambuaji soda. Halafu nikiwa nimejaza, hapo ainuke sasa, ale mpaka ashangaze watu, na wewe utarudi kwangu.

Nimefagia ghala lote. Liko tupu, sauti yangu inarudi. Nimeimba humo ndani jina lako mara ishirini, na mara zote ghala limeitika kabla yako.

Mkeo anayekucheka na kukupenda,
Chiriku


Kitandani,
19 Machi

Mke wa mwanangu,

Barua yako ya tarehe kumi na nne ililetwa hapa nyumbani na mlinzi wa kiwanda, kwa kuwa mumeo haendi kazini, ananiuguza. Yeye alikuwa amekwenda kununua dawa. Bahasha haikubandikwa vizuri. Nakiri nimeisoma. Nilitajwa mstari wa kwanza, na mtu akiitwa huitika.

Nimeshona nguo za maharusi miaka thelathini na minne. Wake nimewaona wa kila aina. Nimeona wanaowachukia wakwe kimoyomoyo, nimeona wanaowachukia kwa mdomo, tena wakiwa wamesimama mbele yangu na pini mabegani. Anayeandika kwa wino na kuweka tarehe, wewe ni wa kwanza. Hongera.

Unaomba nisiinuke mpaka ujaze ghala. Nimeliwaza sana hilo neno, maana mgonjwa hana kazi nyingine. Ulijaze nini? Nina cherehani moja, kitanda hiki, makasha mawili ya vitambaa na kioo kilichopasuka pembeni. Ghala haliwezi kujaa. Au wewe hukuambiwa kwamba mimi ni maskini?

Na soda za kunywa nikizidiwa, ni za rangi gani? Nauliza tu.

Sijamwonyesha mumeo. Iko chini ya mto wangu. Mtoto huyu nilipewa akiwa haongei, akakaa mwaka mzima ananitazama tu, ndipo akasema neno la kwanza, akasema "uzi". Tokea hapo niliomba kitu kimoja: asipate mtu atakayemcheka siku akiwa na huzuni. Wewe umeandika amekuandikia uje, na wewe ukacheka.

Usinitumie mtu kuniomba radhi. Wala usije kuniangukia miguuni, machozi yanalowesha tu, hayaelezi. Niandikie sababu, kwa mkono uleule ulioandika yale. Nikiielewa, tutaangalia. Nisipoielewa, nitampa mwanangu barua yako aisome, na uamuzi utakuwa wake. Nahisi naujua.

Nimeandika hii kwa siku mbili. Mlinzi akija kunijulia hali nitampa aipeleke kwenye lori. Mkono unachoka.

Shangazi yake,
fundi cherehani


Nyumbani kwa Shangazi,
20 Machi

Mke wangu,

Hujaja, na barua yako sijaipata. Naandika wazi, asome atakaye kusoma. Hii si bei. Shangazi anaumwa, yule Shangazi mwenyewe, mwenye mguu.

Siku ile nikiandika nilisimamisha kalamu. Nilitafuta neno jingine la kuumwa sikulipata. Tulikuwa tumelitumia. Nikaongeza "kweli", nikadhani utaelewa. Sasa sijui ulielewa nini na naogopa kukisia.

Uwanja wa kiwanda ulikuwa mtupu tokea mwezi uanze. Bei ya maboksi imepanda kuliko wakati wowote nilioona hapa. Kama uliuza, uliuza. Sikulaumu, kosa ni langu pia.

Kuna jingine. Tokea juzi Shangazi amegoma kula. Anageukia ukutani. Nikimuuliza anasema hana njaa, halafu ananitazama kwa namna fulani, kama ananionea huruma mimi. Simwelewi. Daktari anasema akila atapata nguvu na mguu unaweza kurudi. Asipokula hakuahidi kitu.

Nijibu.

Bubu


Ghalani,
23 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa mkono uleule.

Sababu uliyoitaka ni hii, na ni ya kijinga kuliko utakavyodhani, lakini ndiyo ya kweli. Mimi na mwanao tunanunua makaratasi makuukuu: maboksi, magazeti, daftari. Bei yake haikai mahali pamoja, leo juu kesho chini, na anayeijua siku mbili kabla ya mwenzake ndiye anayekula. Mwanao alikwenda kazini huko ili aone uwanja wa kiwanda kwa macho. Barua zetu zinabebwa na Dereva, naye anazifungua. Basi mimi, si yeye, mimi Chiriku, nikatunga lugha ya kumficha. Ukila vizuri, maana yake bei itapanda. Ukiumwa, maana yake bei itaanguka, niuze haraka. Mwanao alikataa. Alisema maneno huumba. Nikambembeleza kwa mabusu mpaka akakubali, na mwanamume wa wiki tano hukubali lolote.

Kwa hiyo aliponiandikia kwamba unaumwa, nilisoma bei. Aliandika mguu wa kushoto, nikasoma utani. Aliandika njoo, nikasoma utani mwingine, nikauza ghala zima kwa furaha. "Nijaze ghala" ni maboksi, Shangazi. Si kasha lako hata moja. Soda zilikuwa za kusherehekea maboksi. Naona aibu hata kuliandika neno hilo tena.

Lakini umetaka sababu, na sababu nzima ina sehemu mbaya ambayo ningeweza kuiacha. Sikukutakia ugonjwa, ila sikukuwaza pia. Nimekuandika barua baada ya barua, nimekulisha, nimekupa mafua, nimekulaza, na kabla ya barua zenu za leo sikuwahi kuuliza hata mara moja, "Na yeye mwenyewe hajambo?" Nilisema nampenda Shangazi kwa sababu nilikuwa nawapenda watu wote mwezi ule, mpaka muuza maji. Kukupenda wewe hasa, sikuwa nimeanza. Unaniuliza kama sikuambiwa kwamba wewe ni maskini. Sikuambiwa chochote, kwa sababu sikuuliza chochote.

Leo Dereva alipoleta barua zenu mbili alikuwa amezisoma, uso wake ulisema. Alivua miwani. "Shemeji," akasema, "siku ile uliponiuzia bila kubisha, nilidhani umefiwa, nikaona haya kuuliza. Kumbe nilikuwa napata faida." Halafu akasema, "Lakini bei sirudishi." Nikamwambia sijaiomba. Akapiga teke gurudumu la lori lake akaenda kuulizia maji.

Mashine tuliyoitaka haitanunuliwa mwaka huu. Mwanao alikuwa arudi kwangu mapema, sasa hatarudi. Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu hapo kwanza ningeona hilo ndilo pigo, na leo nimekaa kwenye ghala tupu nikaona pigo ni jingine kabisa: kwamba kuna mtu kitandani amegeukia ukutani kwa sababu ya mwandiko wangu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, ule. Kama huli kwa ajili ya kuniadhibu, niadhibu kwa jingine, nimeshakusanya mengi unaweza kuchagua. Mwanao hajui kwa nini huli na anakonda pamoja nawe.

La pili, usinifichie. Toa ile barua chini ya mto umpe aisome, na hii umpe pamoja nayo. Uliniambia ungempa kama hukuielewa sababu yangu. Mpe hata kama umeielewa. Sitaki awe na mke ambaye wewe unamjua kuliko yeye anavyomjua. Akikasirika, ana haki. Akinyamaza, nitajua amekasirika zaidi. Nimemzoea. Kama atasema nisije, nitakuja hivyohivyo, kwa sababu sitakuwa nakuja kwake.

Ulisema nisije kukuangukia miguuni. Siji kulia. Mkuu wa wachambuaji ameshika ufunguo wa ghala, anasema hata nikikaa miezi mitatu atanunua na kuchambua kama kawaida, na kwamba ametulia zaidi nikiwa sipo. Najua kufua, kugeuza mgonjwa bila kumuumiza, maana nilimuuguza bibi yangu mwaka mzima, na najua kukunja pindo ingawa langu hupinda. Utanicheka. Nacheka mwenyewe. Kuna nguo za watu hazijaisha kwenye cherehani yako, nadhani, na wenyewe wanapita mlangoni kila siku wanauliza. Utakuwa unaniambia nikiwa nimekaa pale, kata hapa, rudi pale, fumua yote uanze upya, nami nitafumua.

Lori la tarehe ishirini na tisa lina nafasi moja mbele na nimeshaishika. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimeshuka kwenye geti la kiwanda, nitauliza nyumba ya fundi cherehani, wataniambia. Nitagonga mara moja. Nikisikia kimya nitakaa nje na mfuko wangu mpaka jua lipungue, kisha nitagonga mara ya pili.

Mke wa mwanao, ukikubali,
Chiriku